Data ya orakoli kwa wasanidi wa blokcheni Uganda: nunua ipi kwanza?

Mkataba erevu, yaani programu inayojiendesha kwenye blokcheni, haujui bei ya kahawa wala dola inauzwa shilingi ngapi Kampala. Orakoli, huduma inayopeleka data ya nje kwenye blokcheni, ndiyo huuletea. Kwa hiyo kabla ya kuuliza gharama, uliza kama watoa huduma hiyo wanayo bei unayoitaka. Bitcoin na dola utazipata kila mahali. Shilingi ya Uganda ni nadra, na robusta, ambayo bei yake ya kimataifa hutoka soko la London, ni data yenye leseni.

Mimi naanza na Chainlink. Kusoma bei iliyokwisha kuwekwa mnyororoni hakuhitaji usajili. Unalipa gesi tu, yaani ada ya muamala. Usajili unahusu huduma kama ya nambari za nasibu (VRF): unafungua akaunti moja, unaijaza LINK (sarafu ya Chainlink), na mikataba yako kadhaa inachota humo. Salio likipungua, maombi yanakwama. Hapa kwetu jambo hilo ni zito, maana tangu 2022 Benki Kuu ya Uganda imezuia watoa huduma za malipo wenye leseni kugeuza pesa za simu kuwa sarafu za kidijitali. Huwezi kujaza saa sita usiku kama unavyonunua muda wa maongezi, basi weka akiba mapema.

Ya pili ni API3. Unalipia kipindi kizima mbele, hivyo bajeti inajulikana, na data inatoka moja kwa moja kwa wenye API wenyewe, yaani wanaoitoa. Usichague kiwango kidogo cha mabadiliko (asilimia ambayo bei ikisogea, inasasishwa) kwa fahari: kadiri bei inavyosasishwa mara nyingi, ndivyo unavyolipa zaidi.

Pyth naiweka ya tatu. Unaivuta bei mwenyewe na kulipia kila usasishaji. Inafaa biashara ya kasi. Kwa programu ya akiba ya SACCO ni mzigo wa bure.

Yoyote utakayochukua, kagua umri wa bei. Kwenye Ethereum, bei ya ETH kwa dola ya Chainlink husasishwa ikisogea asilimia 0.5 au saa moja ikipita. Minyororo mingine ina viwango vyake. Mkataba wako usome `updatedAt` (wakati bei iliposasishwa mwisho) na ukatae bei iliyochakaa.

Pia, kama programu yako inakopesha, usikubali dhamana ya sarafu yenye soko jembamba, yaani inayouzwa kidogo. Oktoba 2022 Mango Markets, jukwaa la biashara na mikopo ya sarafu za kidijitali, ilipoteza zaidi ya dola milioni 100 baada ya bei ya MNGO, sarafu yake, kupandishwa makusudi sokoni na kutumika kama dhamana. Orakoli ziliripoti bei ileile iliyokuwa ikiuzwa.