Kasha la mawe bandia la kufundishia: nimelitumia muhula mzima

Nafundisha historia kidato cha kwanza hapa Kigoma. Kwa miaka tisa Zama za Mawe nimezifundisha kwa chaki: nachora shoka la mkono ubaoni, wanafunzi wananakili, tunasonga mbele. Januari nikatoa shilingi 185,000 za mfukoni mwangu, nikaagiza kasha la mawe bandia kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Lilikuja kwa treni. Ndani mna vipande vinane vya plastiki ngumu, vilivyomiminwa kwenye kalibu zilizochukuliwa juu ya mawe halisi. Kuna jiwe la kukatia la Olduvai, mashoka mawili ya mkono ya Isimila kule Iringa, kibanzi (kipande kilichobanduliwa kwa pigo) cha gumegume, jiwe gumu lenye kutoa makali, kutoka Ulaya, na vingine vidogo.

Lililoniudhi kwanza ni uzito. Shoka kubwa nililipeleka Kibirizi, kwenye mizani ya mama anayeniuzia dagaa: gramu 290. Kokoto ya ukubwa uleule niliyoiokota ufukweni ilifika gramu 650. Mtoto akilishika lile shoka anadhani watu wa kale walifanya kazi na kitu chepesi kama sahani ya plastiki. Kijitabu chake ni cha Kiingereza kitupu. Ncha ya shoka la pili ilifika imemeguka, na muuzaji hakujibu ujumbe wangu.

Hata hivyo nalisifu, na sababu yenyewe ni somo la alama.

Charles Sanders Peirce, mwanafalsafa wa Marekani aliyefariki mwaka 1914, alizigawa alama kwa namna zinavyofungamana na kitu zinachokiwakilisha. Aikoni hufanana nacho, kama picha. Indeksi hutokana nacho au huguswa nacho, kama moshi na moto, au unyayo na mguu. Simboli husimama kwa mazoea ya watu, kama neno. Nikawauliza wanafunzi: hili jiwe la plastiki ni alama ya namna gani?

Binti mmoja akasema ni aikoni, limefanana tu. Kijana wa Ujiji, ambaye baba yake ni fundi wa mitumbwi, akakataa. "Mwalimu, kalibu ililigusa jiwe lenyewe. Hii ni kama unyayo." Akaendelea kueleza kwamba baba yake akiutazama mtumbwi wa fundi mwingine hujua tezo ilipita ikitokea upande gani. Nilinyamaza kidogo. Wote wawili walikuwa sahihi, maana Peirce mwenyewe hakukataa kitu kimoja kuwa alama kwa njia zaidi ya moja.

Tukakichukua kile kibanzi cha gumegume, ndicho bora kuliko vyote kashani. Chini ya mahali kilipopigwa pana kinundu, na kuanzia hapo viwimbi vinatandaa kama maji ya ziwa ukitupa kijiwe. Nguvu ya pigo ilipita hapo, ikaacha njia yake. Vidole vya watoto viliifuata hadi kwenye chanzo. Jioni tulijaribu kupasua kokoto nyeupe za ufukweni, nasi tumevaa miwani ya fundi wa kuchomelea. Zilitoa harufu ya kuungua na makali ya kutisha, lakini zilivunjika ovyo, viwimbi hatukuviona. Kwa hiyo plastiki ilitupa kovu, yaani alama ya pigo, na kokoto ikatupa uzito, mlio na harufu. Ukinunua kasha hili, usiache kuongeza kokoto.

Kasoro kubwa kabisa imo kwenye lebo. Kila kipande kimebandikwa jina na matumizi, na kwa Kiswahili tunasema "shoka". Watoto wakaanza mara moja kuzungumzia kukata miti. Neno limewatangulia mbele ya jiwe! Shoka la mkono halina mpini, na watafiti wamelihusisha na kazi nyingi, kuchinja na kukata nyama ikiwemo. Watafiti Iain Davidson na William Noble walikwenda mbali zaidi, wakaonya kwamba umbo tunaloliona huenda ni hatua tu ambapo mpasuaji aliliacha jiwe baada ya kubandua vibanzi, na hatuna haki ya kudhani ndilo alilolikusudia tangu mwanzo. Mimi bado naona ulinganifu wa mashoka ya Isimila ni mkubwa mno kuwa wa bahati. Lakini makovu, yaani alama zilizobaki vibanzi vilipobanduka, yanathibitisha pigo na mfuatano wake, kovu moja likikata lingine. Nia ya mpigaji ni jambo la kubishania, na lebo imeufunga ubishi huo kabla haujaanza.

Nimezibandua lebo zote nane kwa maji ya moto na sabuni. Muhula ujao kila kundi litapewa kipande bila jina, litahesabu makovu, litasema lipi lilitangulia, ndipo nitaandika ubaoni neno "shoka".