Changuu au Jozani: nusu siku nje ya Mji Mkongwe

Ukiwa na asubuhi moja tu Unguja, sisi tungekupeleka msitu wa Jozani. Changuu, kisiwa kidogo, ni karibu zaidi, kama nusu saa kwa boti kutoka ufukwe wa Mji Mkongwe, lakini inategemea bahari. Upepo ukishapanda mchana, mawimbi hukulowesha, basi ondoka mapema. Utapanda na kushuka majini, kwa hiyo vaa ndara. Bei patana kwa boti nzima, kwenda na kurudi, na uulize kama kiingilio kimo. Mara nyingi hakimo, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, Ushelisheli, wameandikwa umri kwa rangi kwenye magamba. Gereza la miaka ya 1890 halikuwahi kufunga wafungwa, liligeuzwa karantini.

Jozani iko kilomita 35 hivi kusini-mashariki mwa mji. Daladala za Paje, Jambiani na Makunduchi hupita langoni. Kima punju, ambaye haishi porini popote nje ya Zanzibar, hushuka karibu kabisa na watu asubuhi na alasiri. Saa sita hujificha kivulini. Mtazame mkononi: kidole gumba karibu hakipo. Hula hata makaa, ambayo hupunguza sumu ya majani. Kaa mita tatu mbali naye, usimlishe. Usiikose njia ya mbao mikokoni: maji yakitoka utaona mizizi na kaa. Masika, vaa viatu vya kufunika.

Wenye watoto wadogo, Changuu.