Uzoefu wangu na stendi za jeki za tani 3 baada ya mwaka mmoja

Nilinunua jozi ya stendi za chuma, yaani miguu ya kushikilia gari likishainuliwa na jeki, baada ya kuamua kwamba kumwaga oili na kubadilisha pedi za breki ni kazi ninazoweza kuzifanya mwenyewe nyumbani. Kabla ya hapo, nakiri, niliwahi kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, nikalegeza nati moja na kutoka mbiombio, kana kwamba haraka ni kinga. Jeki ya haidroliki hubeba mzigo kwa oili iliyobanwa nyuma ya sili, yaani pete inayozuia oili isivuje. Sili ikichakaa, au uchafu ukikaa kwenye vali, oili hupenya na gari hushuka, pengine polepole, pengine kwa mkupuo. Stendi haina cha kuvuja, kwa kuwa ndani yake chuma kimekaa juu ya chuma.

Zangu zina nguzo yenye meno, kilimi kinachoyashika, na pini nene inayopenya kwenye tundu la nguzo. Pini hiyo ndiyo iliyonivuta. Mwaka 2020 nchini Marekani stendi nyingi za meno ziliondolewa sokoni na wateja wakaombwa wazirudishe, kwa sababu kilimi hakikuingia vya kutosha kati ya meno, na uzito ukihama nguzo ingeweza kuporomoka. Tangu niliposoma habari hizo sitegemei meno pekee.

Maandishi ya tani 3 yasomwe kwa makini. Katika lebo ya stendi zangu uzito huo ni wa jozi, yaani tani moja na nusu kwa kila moja. Hata hivyo unanitosha na kubaki: gari langu lina takriban kilo 1,200, na nikiinua upande wa mbele, wenye injini, stendi mbili hugawana kama kilo 700. Faida niliyoipata kwa kuchagua kubwa kuliko hitaji langu ni kitako kipana, maana stendi huanguka kwa kupinduka kuliko kwa kuvunjika.

Lawama ninazo mbili. Kwanza, kichwa cha stendi ni chuma kitupu, nacho kilikwangua rangi ya ukingo wa chini ya mlango siku ya kwanza, hadi nikakitafutia kipande cha mpira chenye mfereji wa kupokea ukingo huo. Pili, kimo chake cha chini kabisa ni sentimita 28, ambacho jeki iliyokuja na gari haikukifikia, nikalazimika kutafuta jeki ya magurudumu. Anayetaka kununua apime kwanza jeki yake inafika wapi.

Lakini stendi, hata ziwe nzuri namna gani, hazizuii gari kubingirika, na hapa ndipo nilipokuwa nimepotoka. Nilidhani nikivuta breki ya mkono nimemaliza, kumbe katika magari mengi breki hiyo hukamata magurudumu ya nyuma tu, hivyo ukiinua nyuma inashika magurudumu yanayoning'inia hewani. Gia nayo hushikilia magurudumu yanayoendeshwa na injini, si yote. Kwa hiyo sasa naweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini kabla ya kugusa jeki. Magurudumu ya jeki yenyewe siyazuii, kwa sababu mkono wake hupanda kwa kuzunguka kidogo, na jeki isiposogea yenyewe itavuta gari.

Sakafu yangu ni zege. Niliwahi kuzijaribu stendi juu ya lami wakati wa jua kali, na miguu ikaacha mashimo manne. Pale naweka ubao mpana chini ya kila stendi, na juu ya udongo au kokoto sifanyi kazi kabisa. Matofali ya saruji niliyokuwa nayo nimeyarudisha kwenye ujenzi, kwa kuwa hupasuka bila kutoa onyo.

Nikishateremsha gari juu ya stendi, hulisukuma kwa nguvu nikiwa bado nje. Mara moja stendi ya kushoto iligongagonga, nikakuta mguu wake umekanyaga kijiwe. Jeki huiacha imegusa gari kidogo, na tairi nililolitoa nalilaza chini ya ubavu wa gari, viwe kinga ya akiba stendi zikishindwa.

Ningezinunua tena, ila safari hii ningetafuta zenye kimo cha chini zaidi na mpira kichwani tangu dukani.