Uzoefu wangu: nimelipia vipindi vya usaili wa mazoezi wa madevelopa nikiwa Mtwara

Nianze na bei maana ndo kitu cha kwanza kila mtu ananiuliza. Vipindi vitano laki mbili na elfu arobaini, kila kipindi saa moja, unakaa na developa mzoefu, yaani mtengeneza programu za kompyuta, kwenye video anakusaili kama vile ni usaili wa kweli, alafu ndani ya siku mbili anakutumia ripoti. Nimelipa kwa hela yangu niliyopata kwa kutengeneza mifumo midogo ya maduka hapa mjini, hakuna aliyenipa punguzo. Jina la huduma siliandiki kwa sababu kuna mambo nitayalalamikia na sitaki iwe kesi, huduma za aina hii zipo nyingi na zinafanana.

Sasa kwanini nilifika hatua ya kutoa hela yote hiyo wakati LeetCode, ile tovuti ya maswali ya mazoezi ya kuandika programu, ipo bure? Februari 2024 niliitwa usaili na kampuni moja ya teknolojia ya Dar, kazi ya bakendi, yaani ule upande wa programu ambao mtumiaji hauoni, unafanyia kwako. Nilikua nimejiandaa miezi mitatu, maswali ya ngazi rahisi nimeyapiga mengi sana na ya ngazi ya kati kama arobaini hivi, nikikesha na bando la usiku mpaka adhana ya alfajiri. Siku ya usaili swali lililokuja nililijua kabisa. Nikainama nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, nikamaliza na programu ikatoa majibu sahihi. Wiki moja baadae ikaja barua pepe, asante kwa muda wako lakini hapana. Iliniuma sana aisee. Jibu sahihi na kazi sijapata, alafu hakuna aliyeniambia kosa liko wapi.

Kosa nililijua kwenye kipindi cha kwanza tu cha hii huduma. Msaili alikua dada mmoja Mkenya, mpole, akanipa swali akaniacha niendelee. Mie nikafanya vilevile nilivyozoea. Ripoti yake ninayo mpaka leo, kuna mstari mmoja nimeuandika kwenye karatasi nikaubandika juu ya meza, kwa Kiswahili changu unasema hivi: dakika ya 6 mpaka ya 10 hakusema neno, sijui alikua anafikiri au amekwama, na ingekua usaili wa kweli ningeandika amekwama.

Yaani dakika nne nzima! Na kwenye hizo dakika nne ndo nilikua nafanya kazi nzuri kuliko wakati wowote, nalinganisha njia mbili, naona ipi itakula muda, lakini yote iko kichwani kwangu na yeye anaangalia kioo hakuna kinachotembea. Miezi mitatu yote nilikua nafanya mazoezi peke yangu usiku, watu wamelala, mdomo umefungwa. Nilichokua nimekizoea ni kukaa kimya. LeetCode inapokea jibu inakwambia limepita au halijapita, na hilo inalifanya vizuri sana, ila msaili yeye anataka kuona umefikaje hapo kwa sababu kesho ndo atakaa na wewe kazini.

Basi nikaanza kufanya mazoezi kwa sauti, na mtu wa kwanza kumtesa alikua mjomba wangu. Mjomba ni karani kwenye chama cha msingi cha korosho huko vijijini, msimu ukifika ni yeye na mizani na daftari toka asubuhi. Alikuja mjini kwa ajili ya hospitali akakaa kwetu wiki mbili. Nikamwambia mjomba shikamoo, naomba unisikilize, ukiona sielewi ninachosema nikatize. Nikamuuliza, una gunia elfu moja na kila moja ina kilo zake, nataka gunia mbili ambazo jumla yake ni kilo 165 kamili, unazipataje?

Akasema nachukua la kwanza nalilinganisha na yote, nikimaliza nachukua la pili. Nikamwambia sawa, ndo lupu ndani ya lupu hiyo, yaani kurudia hatua ndani ya hatua nyingine inayorudiwa, kwa gunia elfu moja ukihesabu kila jozi unafika jozi 499,500. Mjomba akanyamaza kidogo akaangalia juu. Alafu akasema, "Ah, mie sifanyi hivyo. Nikipima la kilo 92 nafungua daftari, naangalia kama 73 nimeshaiandika. Kama haipo naandika 92, naita linalofuata."

Jamani nilisimama. Hiyo ndo hashi mapu, daftari la ndani ya programu linalokwambia papohapo kama kitu kimeshaandikwa! Unapita mara moja tu, hatua elfu moja badala ya karibu laki tano, na unachotoa sadaka ni nafasi ya kwenye daftari, yaani memori. Swali namba moja la LeetCode ni hilohilo. Toka siku hiyo kila swali kabla sijaligusa kwenye kibodi nilikua namweleza mjomba kwa Kiswahili, akiondoka namweleza mdogo wangu, alafu narudia peke yangu kwa Kiingereza. Hili la lugha nalisisitiza kwa wenzangu wa huku kusini. Kiingereza cha kusoma tunacho, cha kuongea huku kichwa kinafanya hesabu hicho ni kingine, kinahitaji mdomo ukizoee. Ukishaelewa jambo kwa Kiswahili mpaka karani wa korosho anakukatiza anakuuliza swali, Kiingereza kinakua ni kutafuta maneno tu.

Malalamiko sasa. Kwanza saa. Nilichagua kipindi cha 14:00 nikijua ni saa nane mchana, kumbe mfumo wao unaonyesha saa za UTC, zile saa za kimataifa, na sisi tuko mbele masaa matatu, kwahiyo kilikua saa kumi na moja jioni. Nikakaa mbele ya laptopu toka saa nane nimevaa shati, hakuna mtu, nikaondoka zangu kwa hasira, na muda wenyewe ulipofika mie nilikua feri nanunua samaki. Kipindi kikaandikwa sikutokea. Hapo chini ya ukurasa kuna maandishi madogo ya UTC lakini aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili anageuza kichwani mara mbili, wangeweka saa za Afrika Mashariki kwa mtu aliyejisajili Tanzania isingewagharimu kitu.

Pili, Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, kipindi changu kilikua Jumatatu yake. Nchi nzima intaneti ilikua inasuasua, ukurasa wenyewe haufunguki sembuse video. Wakaandika tena sikutokea. Hapa niliwaandikia barua pepe tatu mpaka wakanirudishia, na waliporudisha walikua waungwana, lakini mtu asiyekua na mdomo angepoteza.

Tatu wasaili hawalingani. Yule dada wa kwanza nampa alama zote. Wa kubuni mifumo, tulifanya lile swali la kufupisha linki, alikua mzuri pia, alinifundisha kuuliza kwanza watumiaji wangapi na kusoma kukoje ukilinganisha na kuandika kabla sijachora chochote. Ila mwingine alichelewa dakika kumi na mbili, akawa anaangalia pembeni muda wote, na ripoti yake mistari miwili, ongeza mazoezi, jiamini. Elfu arobaini na nane hiyo.

Mwezi wa saba nikapata usaili kampuni nyingine, hatua nne: simu ya watu wa ajira, kazi ya kufanya nyumbani, kuandika programu mbele yao, alafu maongezi na meneja. Ile ya tatu walinipa orodha ya miamala wanataka iliyojirudia ndani ya dakika moja. Nikaanza kuongea. Nikasema naelewa hivi, nauliza je orodha imepangwa kwa muda au haijapangwa, wakasema haijapangwa. Katikati nikakwama kweli, na nikasema hapa nimekwama, naomba nijaribu kwa miamala mitatu tu kwa mkono. Msaili akasema endelea, na nilipofika wa pili akanipa kidokezo kimoja, nikaona njia. Nakumbuka karatasi yangu pale juu ya meza na feni imezimwa ili wanisikie vizuri, jasho linatiririka. Nimeanza kazi Septemba, niko hapahapa Mtwara.

Ushauri wangu kwa anayetaka kulipia: kama hujapita maswali hamsini ya bure usitoe hela yako bado, utalipa mtu akufundishe lupu. Ukiwa tayari nunua vipindi viwili sio vitano, cha kwanza ujue kosa lako, ukalifanyie kazi mwezi mzima, cha pili uone kama limeondoka. Zima video ukishasalimiana, sauti inatosha na bando litakaa. Mie naipa nyota tatu na nusu, na hizo nyingi ni za yule dada.

Na kwa walioko hapa mjini ambao hiyo hela haipo, Jumamosi jioni mie nipo nyumbani, njoo na swali lako moja nitakaa upande wa msaili, saa nzima, bure. Mjomba nae anarudi kliniki mwezi ujao, ameshaniambia anataka kusikiliza.