Turbini ya upepo kwa mashua ya matanga: ipi ununue, na kama ununue

Kabla hujatoa hata senti, piga hesabu hii. Umeng'oa nanga Mombasa msimu wa kaskazi, unaelekea Unguja. Upepo ni noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa) na unatoka tezi, yaani nyuma ya mashua; mashua inakata noti 6. Turbini iliyo nyuma yako haipati 15, inapata 9 tu. Na kwa kuwa nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake, noti 9 zina kama moja ya tano ya nguvu ya noti 15. Matanga yamevimba, betri inalala njaa. Pwani hii watu wamesafiri hivyo tangu enzi za majahazi: kwenda na kaskazi, kurudi na kusi. Anayevuna umeme njiani ni anayebisha, yaani anayepanda dhidi ya upepo, na nani abishe siku nzima kwa hiari yake?

Kwa hiyo huku kwetu turbini ni kifaa cha nangani. Na nangani ndiko unakolala, basi kelele nimeipa uzito kuliko wati.

Wati za kwenye boksi zipuuze kabisa. Zimepimwa kwa upepo ambao ungekufanya upunguze matanga. Rota (duara la mapanga) ya kipenyo cha mita 1.2 kwenye noti 10 itakupa kama ampia 2 kwa betri ya volti 12. Upepo ukifika noti 20, ni mara nane ya hapo. Friji ndogo ya mashua hula takriban ampia-saa 40 hadi 60 kwa siku; ampia-saa moja ni ampia moja kwa saa moja.

Nafasi ya kwanza naipa kitu ambacho si turbini: paneli za sola. Paneli ya wati 100 kwa jua letu inaleta kama ampia-saa 30 kwa siku, bila sauti wala kitu cha kuzunguka. Kama una wati 300 na kituo chako ni hori la Mtwapa, ambako kingo na miti vinameza upepo, ishia hapo. Turbini ni ya anayetia nanga mahali peupe, na ya siku za masika ambazo jua halionekani.

Ya pili ni Silentwind, ya Ureno. Mapanga matatu ya kaboni, kipenyo mita 1.15, uzito chini ya kilo 7, na kontrola yake, kifaa cha kudhibiti chaji, inapokea sola pia. Kwa ukimya wake ndiyo ningeiweka kwenye mashua yangu.

Ya tatu ni Superwind 350 ya Ujerumani. Upepo ukizidi, mapanga yake hujigeuza pembe yenyewe na kupunguza kasi, kwa hiyo huhitaji kuamka usiku kuipiga breki. Nzito, kilo 11.5, na bei yake inauma. Anayekwenda Shelisheli na kuendelea aipandishe ya pili.

Rutland 914i ya Uingereza inafaa mashua ndogo: mapanga sita, mita 0.91. Inaanza kuzunguka kwa upepo hafifu, ila kwa udogo ule usitarajie iendeshe friji.

Air Breeze ya Marekani ni nyepesi, kama kilo 6, lakini sakiti ya kudhibiti chaji imo ndani ya kichwa chenyewe. Ikiharibika, unashusha kichwa kizima. Naiweka mwisho.

Nguzo usiifanyie ubahili. Niliwahi kufunga turbini juu ya bomba la maji la inchi moja na nusu, bila raba chini. Usiku ule kikombe cha chai kilitembea chenyewe mezani hadi ukingoni. Weka bomba nene la chuma kisichoshika kutu, mihimili miwili, raba kwenye kila kiungo, na mapanga yapite juu zaidi ya mtu mrefu aliyenyoosha mkono. Waya ziwe nene; kwa volti 12, waya nyembamba hula nusu ya kazi.

Usichomoe betri turbini ikizunguka, maana ikikosa mzigo inakwenda mbio hadi kujivunja. Na kamba fupi ikae imefungwa pale pale nguzoni, ya kufungia mapanga kabla hujapeleka mkono. Swichi ya breki inaipunguza tu kasi, upepo ukikaza inaendelea kuzunguka polepole, na panga la kaboni lina makali.