Pampu ya oili niliyoitukana, na fundi ambaye sijamsamehe

Nilipokaa kuandika haya nilikusudia kuilaani pampu ya oili ya pikipiki yangu kuukuu, lakini kila ninapokumbuka jinsi mambo yalivyokwenda, hasira inaiacha pampu na kumwelekea mtu. Pikipiki yenyewe ni ya miaka ya 1970, yenye injini ya mipigo miwili, na kampuni iliyoiunda sitaitaja kwa kuwa haina kosa lolote katika habari hii. Wenye pikipiki za namna hii wanajua kwamba injini zake hazina oili inayokaa chini na kuzunguka humo humo kama zile za mipigo minne. Oili huingia pamoja na petroli, hulainisha beringi za kranki na ukuta wa silinda, kisha huungua na kutoka ikiwa moshi. Ubishi usiokwisha ni juu ya nani aichanganye: wewe mwenyewe kwa kopo la vipimo, au pampu ndogo inayoivuta kutoka kwenye tanki lake.

Siku injini iliponata kwa mara ya kwanza, yaani pistoni ilipokwama ndani ya silinda, nilikuwa kwenye barabara iliyonyooka, tena kwa mwendo wa kawaida. Sauti ilibadilika ikawa nyembamba, nguvu zikapungua kana kwamba kuna mtu ananivuta kwa nyuma, mara gurudumu la nyuma likajifunga. Mkono wangu ulibana klachi kabla akili haijafikiri, na ndiyo sababu nipo hapa ninaandika. Tanki la oili lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Niliamini kwamba pampu imekufa, na hata leo sioni kwamba ulikuwa ujinga kuamini hivyo.

Fundi wangu alicheka kabla hajafungua hata nati moja. Alisema pampu zile ziliwekwa kwa ajili ya watu wasiojua hesabu, na kwamba mwanamume kamili huchanganya petroli yake kwa mkono wake. Aliing'oa, akaitupa kwenye sanduku la vyuma chakavu mbele ya macho yangu (niliiokota alipogeuka), akaziba tundu la kuingizia oili, akaniagiza nitie mililita 40 kwa kila lita ya petroli, yaani sehemu 1 kwa 25.

Nakiri kwamba miezi ya mwanzo niliifurahia. Kuchanganya kuna utulivu wake: ukishatikisa dumu na kuona rangi ya oili imeenea kote, unaondoka ukijua kwamba petroli yote iliyomo tankini imebeba oili yake, na hakuna kifaa kilichojificha ndani ya injini kinachoweza kukusaliti. Karaha zilikuwepo. Plagi ililowa na kushika masizi nilipokwenda polepole kwa muda mrefu, moshi ulinifuata kila mahali, na nilipoongeza petroli ilinibidi kwanza nikadirie ni lita ngapi zinaingia. Hayo niliyaona madogo. Nilikuwa tayari kumshauri kila mwenye pampu aing'oe.

Halafu injini ikanata tena, safari hii kwenye mteremko mrefu, nikiwa nimefunga mafuta kwa kurudisha mshiko wa mkononi, na kuiacha gia izuie mwendo. Hapo ndipo udhaifu wa mchanganyiko ulipo, kwa sababu ukifunga mafuta petroli inayopita ni kidogo, na oili iliyomo ni kidogo zaidi, ilhali kranki bado inazunguka kwa kasi. Pampu hufuata mzunguko wa injini pamoja na mkono wako, kwa hiyo huendelea kupeleka kiasi chake cha chini hata ukiwa umefunga kabisa. Lakini mteremko ule haukuwa na kosa peke yake. Lile tundu, fundi alikuwa ameliziba kwa kipande cha mpira na skrubu. Mpira ulikuwa umepasuka, injini inavuta hewa ya ziada, na joto linapanda bila mimi kujua. Plagi niliikuta nyeupe kama chaki.

Nilipomrudia hakuuliza injini imefanyaje. Aliniuliza, mbele ya wateja wengine, niliishia darasa la ngapi, na hizo mililita 40 nilikuwa ninazihesabu kwa vidole au kwa macho. Nilimwonyesha mpira uliopasuka, akasema ni mimi niliyeuchokonoa. Pistoni mbili nimeshazisahau. Swali lile bado ninaamka nalo usiku.

Nilibeba injini yangu nikaondoka, na nyumbani nikaifungua pampu ile niliyoiokoa. Ilikuwa nzima. Nilipoirudisha mahali pake bila kugusa kirekebishio chochote, nikaona kilichonipata tangu mwanzo. Kebo ya mafuta, ile inayovutwa na mshiko wa mkononi, hugawanyika mara mbili, moja huenda kwenye kabureta na nyingine kwenye pampu, na kuna alama mbili kwenye pampu ambazo ni lazima zikutane. Zangu hazikukaribiana hata kidogo. Muda mfupi kabla ya injini kunata mara ya kwanza nilikuwa nimebadilishiwa kebo hiyo, na aliyeibadilisha ni huyo huyo bingwa wa hesabu. Alirekebisha upande wa kabureta, upande wa pampu akauacha umelegea, kwa hiyo kila nilipofungua mafuta injini ilipata petroli ya mbio na oili ya kusimama.

Yamaha ilileta Autolube, yaani mfumo wake wa pampu ya oili, mwaka 1964 kwenye pikipiki ya YA-6 ili oili ipungue injini inapopumzika na iongezeke inapofanya kazi, na Suzuki na Kawasaki nazo zikawa na mifumo yao. Wahandisi wote hao, kumbe, walikuwa hawajui hesabu!

Sasa pampu imerudi kazini, nimetoa viputo vyote vya hewa kwenye mpira wake wa kupitishia oili, alama zinakutana, moshi umepungua na plagi inatoka na rangi ya kahawia ninayoipenda. Ninaisifu bila kusita. Ila kila ninapojaza petroli bado ninamimina oili kidogo tankini, kifuniko kimoja tu, baada ya kuangalia kwamba hakuna anayeniona.