Darsa la kadari Ngamiani: jibu la swali la mvuvi

Kwa siku nne mfululizo, baina ya Magharibi na Isha, nilihudhuria darsa la kuamini kadari, yaani makadirio ya Mwenyezi Mungu kwa kila jambo, katika msikiti mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, na kwa anayejiuliza kama linastahili kuachiwa shughuli za jioni, jibu langu ni kwamba linastahili.

Siku mbili za mwanzo sheikh alifafanua daraja nne za kadari, yaani elimu ya Mwenyezi Mungu, kuandikwa katika Lauhul Mahfudhi (Ubao Uliohifadhiwa), kutaka Kwake na kuumba Kwake, akisoma aya ya 22 ya Surat al-Hadid na hadithi ya Sahih Muslim kwamba makadirio ya viumbe yaliandikwa miaka 50,000 kabla ya kuumbwa mbingu na ardhi. Habari za Jabriyya, waliosema mwanadamu hana hiari, na Qadariyya, waliokanusha kadari, alizipitia haraka mno kwa sisi tusiosoma chuoni.

Siku ya tatu mvuvi mmoja mtu mzima aliuliza: "Sheikh, ikiwa siku yangu imekwisha kuandikwa, jaketi la kuokolea litanifaa nini?" Swali hilo lilinigusa, kwani mdogo wangu alizama bila jaketi, na kwenye matanga tulifarijiwa kwa neno "ajali haina kinga", neno nililolipokea kwa adabu lakini halikunituliza. Sheikh hakumkemea mzee yule. Alisimulia jinsi Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipofika mahali paitwapo Sargh njiani kwenda Sham (nchi ya Shamu) na kuambiwa kuna tauni, alivyoamua kurudi. Sahaba Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha sheikh akamgeukia mvuvi: kusi likichafuka nawe ukatua tanga, huko kutua tanga nako kumeandikwa. Sijapata kusikia jambo hili likielezwa kwa upole na uwazi kama ule, na naamini kila chombo kinachotoka pwani yetu kinalihitaji.

Darsa ni bure. Upungufu wake mkubwa ni kipaza sauti cha upande wa wanawake, ambacho kilikatika mara kwa mara, hata mama yangu, aliyekaa huko, hakulisikia jibu hilo. Nilimsimulia usiku ule ule, naye akaniomba nirudie pale pa kutua tanga.